Walipendezesha mtaa wetu wa zamani Kajiado, wateja wa mama wakapotea. Mpaka leo nakuna kichwa

Wakuu, habari za mchana.

Kaeni vizuri, hii si fupi. Nitasema ukweli hata pale unaponiaibisha, kwa sababu nikianza kujipamba mtashindwa kunisaidia. Majina ya watu nimebadilisha. Mji siwezi kuubadilisha, mtaujua tu.

Mimi naishi Kitengela, nauza vigae na masinki. Mama yangu ana duka Kajiado mjini, kwa ule mtaa wa zamani karibu na reli. Nasema "ana", ingawa kuna miezi nilikuwa nasema "alikuwa na". Hiyo miezi ndiyo nataka kuwaeleza.

Duka ni la mawe, paa la mabati, milango ya mbao ya kukunja na baraza mbele. Ndani kuna sukari, majani chai, chumvi ya ng'ombe, kamba, tochi, ugoro, na mashuka ya Kimaasai ya kujitanda yamepangwa mpaka karibu na dari.

Wazazi wangu walitoka Murang'a wakiwa vijana. Baba alifariki nikiwa sekondari. Mama akabaki na duka, na akabaki na Kimaasai. Anakiongea vizuri kuliko mimi ninavyoongea Kikuyu, na watu hunicheka kwa hilo kila harusi.

Sasa shikeni jambo moja, mtalihitaji mbele.

Kwenye baraza kulikuwa na benchi. Mbao moja ndefu ya mkaratusi, baba aliipigilia misumari juu ya magogo mawili. Ilikaa ukingoni mwa baraza, mgongo kwa barabara. Ukikaa pale unaangalia ndani ya duka, na mama akiwa kaunta anakuangalia wewe.

Siku ya soko la mifugo hiyo benchi ilijaa asubuhi mpaka jioni. Na mtu akifika hanunui kwanza. Anasalimia, anakaa, anatoa habari. Kwa Kimaasai zinaitwa ilomon, na hazitolewi mbio mbio. Unaanza na mvua, unaenda kwa nyasi, unakuja kwa ng'ombe, halafu watoto, nani ameoa, nani yuko hospitali. Mwenzako anaitikia kila kipande. Ukimaliza, naye anaanza zake.

Kilo mbili za sukari zingeweza kuchukua saa nzima. Mimi, mtu wa Kitengela, nilikuwa nikiona hayo nahisi damu inachemka.

Kulikuwa na rafiki yake mmoja, Mama Nashipae, mama mrefu mkavu anayetoka upande wa Bisil. Hao wawili walikuwa wakicheka vitu mimi sijawahi kutafsiriwa. Mwaka jana alikuwa anataka shuka ya samawati yenye mistari myeusi, na kila akija haijafika. Siku hiyo shuka ilipofika kwa duka, mama aliifunga kwa gazeti akaiweka chini ya kaunta. Hata ningekuja na mteja mwingine wa kuinunua, angenifukuza.

Tuendelee.

Wale mnaoijua Kajiado mnajua ule mtaa umezeeka. Watu walihamia Kitengela, wengine Rongai, wengine Kisaju. Ukipita ungeona duka tatu zimefungwa, moja iko wazi, mbili zimefungwa. Rangi imebanduka mpaka unasoma majina ya wenye duka waliokufa zamani, moja juu ya lingine. Mvua ikinyesha unaruka madimbwi kama mbuzi.

Kwa hivyo ofisi ya mji iliposema inataka kuufufua ule mtaa, hakuna mtu alikasirika. Mimi nilifurahi sana. Na nikiri kitu hapa: sehemu ya furaha yangu ilikuwa kwamba mtaa ukipendeza, duka litapata mpangaji mzuri, mama akubali kuja kukaa na sisi Kitengela. Nilikuwa nimemwomba hivyo tangu mwanangu wa kwanza azaliwe.

Tukaitwa mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Afisa aliyesimamia mradi alikuwa dada mpole, tumuite Sein. Alikuwa amekuja na mchoraji wa mipango. Yule mchoraji aliwahi kufufua mji mmoja mzee wa pwani, kazi ikasifiwa. Akatuonyesha picha za huko kabla na baada. Kweli palipendeza.

Halafu akatuonyesha mchoro wa mtaa wetu. Njia za miguu za matofali, taa, miti michanga, kuta zimepakwa rangi ya maziwa, na viti vya chuma vyeusi vyenye mgongo, kila kimoja cha watu watatu, vimepangwa mstari.

Mzee mmoja akanyanyua mkono. Huyu nitamuita Parsaloi. Ni dalali wa mbuzi, ana simu mbili na gambuti, na mdomo wake haujawahi kulala.

"Hawa ndege nyeupe hapo juu ni wa nini?"

Tukaangalia. Kweli, juu ya paa la duka la mama kulikuwa na ndege weupe wawili wa baharini.

Mchoraji akacheka akasema hao wamebaki kutoka mchoro ule mwingine, wasituhangaishe.

"Mimi sihangaiki," Parsaloi akasema. "Nauliza kama watakuja na maji."

Ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Na nafikiri pale ndipo tulipoteleza, kwa sababu tulicheka ndege tukasahau kuangalia vitu vingine vilivyobaki.

Kamati ya wenye duka ikachaguliwa. Wakanichagua mimi. Si kwa busara, ni kwa sababu nilikuwa nimevaa shati la mikono mirefu na najua kusoma ramani ya nyumba kwa ajili ya kazi yangu ya vigae. Mama alikaa nyuma na kibeti chake magotini.

Kazi ikaanza. Benchi ya baba ikang'olewa, mafundi wakaitumia kama jukwaa la kupakia rangi, halafu sijui ikaenda wapi. Nilimwambia mama atapata kiti cha maana. Akaniambia, "Haya."

Wakuu, mkisikia mama wa kiafrika amesema "haya" peke yake, simamisheni kazi. Mimi sikusimamisha.

Siku ya kuweka viti nilikuwa pale mwenyewe. Fundi aliitwa Kyalo, mtu wa kazi safi, huwezi kumpata na kosa. Alikuwa ameshikilia kiti mbele ya duka letu akanipigia kelele:

"Boss, hii kiti iangalie wapi?"

Mimi nilikuwa kwenye simu na mteja wa Athi River aliyepelekewa vigae vya bafu badala ya vya jikoni. Mkono mmoja simu, mkono mwingine mchoro. Nikaangalia mchoro haraka. Viti vyote vinaangalia nje, mgongo kwa maduka.

"Fuata ramani!"

"Uko sure?"

"Kyalo, fuata ramani bwana!"

Akafuata ramani.

Mama alitoka mlangoni akaangalia. Akauliza, "Sasa mtu akikaa hapa ataona nini?"

"Barabara, mum. Ndiyo modern."

Akaangalia barabara. Kulikuwa na lori la mchanga limeegeshwa. Akarudi ndani.

Kazi ikaisha, na sitawadanganya, mtaa ulipendeza. Madimbwi hakuna. Jioni taa zinawaka mpaka unaona sindano. Siku ya kufungua kulikuwa na kwaya na hotuba, na vijana wakapiga picha ukutani. Wiki zile za kwanza watu walikuja kutoka mpaka Nairobi. Jamaa mmoja akafungua sehemu ya kahawa milango mitatu kutoka kwetu. Duka mbili zilizokuwa zimefungwa zikapata watu.

Mimi nikawa natembea pale kama mwenye mji.

Halafu, na hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma, wateja wa mama wakaanza kupotea.

Si ghafla. Soko la kwanza walikuja, wakasimama simama, wakanunua, wakaenda. Soko la pili wakawa wachache. Kufika la tano, mama alikuwa anakaa kaunta na kiti cha chuma mbele ya mlango kitupu, kinang'aa.

Mtu unajiuliza. Mtaa ulipokuwa mbovu walijaa. Umekuwa mzuri wamehama. Hiyo ni hesabu gani?

Nikafikiri ni bei. Nikazunguka maduka mengine mpaka nikaonekana mwizi. Bei ya mama ilikuwa sawa.

Nikafikiri ni matofali, labda mbuzi wanateleza. Nikaenda kuangalia mbuzi wakipita. Walikuwa wanapita vizuri kabisa.

Jirani akaniambia kwa sauti ya chini huenda kuna mtu amefanyia duka mambo. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini siwezi kusema sikuchungulia chini ya mlango siku hiyo.

Mwishowe nikamkamata Parsaloi sokoni, katikati ya mbuzi.

"Mzee, mbona siku hizi hamkuji kwa duka ya mama?"

Akaangalia simu yake moja, akaangalia ya pili. "Duka ni mzuri."

"Najua ni nzuri. Lakini mbona hamkuji?"

"Mzuri sana," akasema. "Mmeweka mpaka taa."

Na huyo ni mtu ambaye mdomo haulali! Nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Mama naye akaanza kunyamaza. Nikimpigia simu jioni zamani alikuwa ananieleza habari za watu hata nisiowajua, ng'ombe wa nani amezaa mapacha. Sasa ananiuliza kama nimekula, basi. Siku moja akaniambia, "Nashinda kutwa nzima bila kuamkuliwa." Mimi nikasikia biashara iko chini.

Mwezi uliofuata alinipigia akasema nije na pickup. Amefunga.

Nilikuja mbio, na moyoni nilikuwa nafurahi. Niseme tu. Nilimbeba mama yangu na mashuka yake na kitanda chake nikiwa napiga mluzi. Kile kifurushi cha gazeti, shuka ya Mama Nashipae, hakukubali kiende nyuma ya gari. Alikishikilia mapajani mpaka Kitengela.

"Si ungemwachia jirani amkabidhi?" nikamuuliza.

"Hajaonekana masoko mengi," akasema. "Labda na yeye amechoka na mimi."

Nikaliacha likapita.

Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu, na ina baraza ndogo ya juu inayoangalia uwanda. Asubuhi nzuri unaona mpaka punda milia mbali huko. Nikamnunulia mama kiti cha kamba chenye mito, nikakiweka pale, kinaangalia uwanda. Nikamwambia, mum, umefanya kazi miaka yote, sasa kaa uangalie dunia.

Nikirudi jioni, nakuta kiti kimegeuzwa. Mgongo kwa punda milia, uso kwa mlango wa nyumba.

Nikakirudisha. Kesho yake kimegeuzwa tena.

Nikafikiri ni jua linampiga. Nikaweka pazia. Kikageuzwa. Nikafikiri ni upepo. Nikanunua blanketi. Mama akaikunja vizuri akaiweka kwa kiti, na kiti kinaangalia mlango.

Wambui, mke wangu, akasema nimwache mama wa watu. Lakini mimi tayari nilikuwa nimeanza kuogopa. Unajua mtu akifika umri huo unaanza kuhesabu dalili. Anyamaze vile, ageuze kiti kila siku, ashinde anaangalia mlango. Nikasema akili ya mama yangu inaondoka na mimi ndiye nimemhamisha.

Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mwenye heshima. Akamuuliza leo ni siku gani, tuko mwezi gani, ahesabu kurudi nyuma. Mama akajibu yote. Halafu akamuuliza daktari yeye ni wa nyumba gani, babake anaitwa nani, na kama mamake anajua ameshaanza kupata mvi. Tukatoka pale daktari anacheka na mimi natokwa na jasho.

Ndani ya gari nikashindwa kujizuia. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, ambao naujutia.

"Mum, kwa nini unageuza kiti?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Sasa kutoka kule nje nani atakuja? Si ni ghorofa? Mtu anakujia mlangoni, Njoroge. Akifika akute nimempa mgongo, atajuaje namtaka?"

Wakuu, nilikuwa nimeshawasha gari. Nikaizima.

Nilimsikia Kyalo wazi, kama amekaa kiti cha nyuma. "Boss, hii kiti iangalie wapi?"

Asubuhi yake sikufungua duka langu la vigae. Nilienda Kajiado moja kwa moja nikakaa kwa kile kiti mbele ya duka la mama. Kilikuwa baridi. Mbele yangu kulikuwa na namba ya gari ya mtu. Nyuma yangu kulikuwa na mlango wetu na sikuweza kuuona bila kuvunja shingo. Nikielekea kushoto kuongea na mtu wa nafasi ya pili, chuma cha kugawa nafasi kinaniingia kwa mbavu.

Huko pwani, naelewa. Mtu anakaa anaangalia bahari, bahari ni kitu cha kuangaliwa. Mchoraji hakukosea kwa mji ule. Mimi ndiye niliyezaliwa ndani ya hili duka, nikapewa mchoro wenye ndege wa baharini juu ya paa letu, nikasema fuata.

Parsaloi alipita, akaniona, akapita. Kisha akarudi.

"Umekuja kuangalia barabara?"

"Mzee, niambie ukweli. Ni hivi viti?"

Hakukaa. Alisimama mbele yangu, gambuti kwa matofali mapya.

"Kijana yangu, mimi nikiwa na mgeni nimechoka naye, siwezi mwambia toka. Ni aibu. Nitageuka tu kidogo hivi, niangalie kando. Yeye ni mtu mzima, ataelewa." Akagonga mgongo wa kiti na fimbo. "Sisi tulikuja soko ile ya kwanza, tukapata benchi imetolewa, na kiti imefungwa na chuma, inaangalia huko. Na wewe ndio ulikuwa unasimamia. Tukaelewa."

"Mlielewa nini?"

"Ati mama yako anataka wateja wa kahawa. Si vibaya. Mtu anaweza choka na sisi, tunaongea mingi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikujua nianze na ipi. Wao waliona mama amewafukuza kwa heshima. Mama aliona wao wamemchoka kwa heshima. Miezi yote hiyo, watu waliojuana tangu nikiwa mtoto, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuuliza kungekuwa utovu wa adabu. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini kumbe kuna mambo adabu haikubali uulize.

Nikaenda ofisini kwa Sein na mchoro mkononi. Nikamweleza yote, na kwamba ni mimi niliyeamuru. Alipofika kwa wale ndege alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka. Akasema hata yeye amekuwa akijiuliza kwa nini viti vya mtaa mzima havikaliwi, akadhani ni chuma kinapata moto. Akaandika barua hapo hapo: viti vinne vigeuzwe, kwa majaribio.

Nikampigia Kyalo nikiwa na hofu atasema amemwaga zege.

"Nilifunga na nati tu, boss," akaniambia. "Nilijua mtarudi."

Kiti chetu kiligeuzwa kwa dakika chache, wakuu. Spana moja.

Nikampigia mama. "Mum, tumegeuza kiti. Kinaangalia dukani."

"Nani amekaa?"

"Bado hakuna mtu."

"Sasa nikuje kufanya nini?"

Parsaloi, ambaye alikuwa amesimama pale anampa Kyalo maagizo ambayo hakuombwa, akakaa. Akavuta simu yangu mkononi.

"Mama Njoroge, nimefika kwako na sijasalimiwa," akasema, akanirudishia simu.

Mama alifika siku ya soko iliyofuata. Wambui alimleta. Hakuangalia taa, hakuangalia miti. Akafungua milango ya mbao, akafagia kaunta tupu kwa mkono, akasimama nyuma yake.

Parsaloi alikuwepo, na wengine watatu, wamebanana kwa kiti cha watu watatu na mmoja juu ya ndoo.

"Takwenya," Parsaloi akamsalimia.

"Iko," mama akaitikia, na sauti yake ilikuwa ile niliyoizoea utotoni.

Wakaanza. Mvua. Nyasi. Ng'ombe. Mimi nilisimama kando na Kimaasai changu cha kuomba maji, nikiwa na furaha ya mtu aliyetengeneza kitu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikasema leo nimeiona.

Halafu nikaona mama ameweka mkono kwenye kaunta.

Aliacha Kimaasai akauliza kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda ili na mimi nisikie.

"Mama Nashipae? Lini?"

"Kabla ya mvua," Parsaloi akasema.

"Na hamkukuja kuniambia?"

Wazee wakaangalia chini.

"Tulikuja," Parsaloi akasema. "Mimi na huyu. Tukafika hapo kwa kona, tukaona vile viti. Tukasema, huyu mama ametuachilia, tusimletee kilio yetu."

"Aliniulizia?"

"Aliuliza kama ile shuka imekuja."

Mama hakunitazama mara moja. Alipokuja kunitazama hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Akafungua kikapu alichokuja nacho, akatoa kile kifurushi cha gazeti. Akazunguka kaunta, akatoka barazani, akamwekea Parsaloi mapajani.

"Mpelekee mtoto wake, Nashipae," akasema. "Mwambie ilikuwa imefika. Mwambie sikuuzia mtu."

Kisha akavuta debe la mafuta, akakaa mbele yao, akawaambia waendelee, wamwambie yote tangu mwanzo, na pole pole. Hiyo siku hakuna mtu alinunua kitu, hakukuwa hata na kitu cha kununua. Wambui alienda kununua chai kwa yule jamaa wa kahawa na tukakaa mpaka soko likavunjika.

Basi wakuu, hapo ndipo nilipo.

Duka liko wazi tena na mama amerudi kuishi Kajiado. Wateja wengine wamerudi, wengine wameshazoea kwingine na sitawalaumu. Viti vya mbele ya kahawa vimeachwa viangalie barabara, maana vijana wanapenda kuangalia magari, na ni haki yao. Sein amenipa karatasi nijaze kama mwanakamati. Swali la kwanza linauliza kama mtaa umefufuka. Ina miraba miwili tu, ndiyo na hapana, na nimekaa nayo wiki tatu. Mtaa ni mzuri kuliko ulivyokuwa. Mama yangu hakuhudhuria mazishi ya rafiki yake. Sijui naweka alama wapi.

Funzo nililopata ni dogo, mnaweza kuliona la kijinga. Mtu wa kazi akikuuliza kitu kiangalie wapi, weka simu chini. Na mkiwa kwenye mkutano wa kupendezesha mji wenu, mkicheka ndege, endeleeni kuangalia mchoro.

Nauliza wenye uzoefu: ungekuwa wewe ungejaza nini kwa ile karatasi? Na kuna mwingine aliyeona mji wake ukipendeza halafu watu wake wakapotea? Wa Loitokitok, Namanga, Magadi, semeni. Hata wale wa pwani, mtuambie nyinyi huwa mnakaaje.

Kile kiti cha kamba bado kiko barazani kwangu Kitengela, vile mama alivyokiacha. Jana jioni nilikikalia mimi. Wambui akafungua mlango, akanikuta nimemwangalia, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, karibu.